Kabla Kutu Haijaingia: Jinsi ya Kuziba Mikwaruzo Midogo ya Rangi ya Gari Nyumbani

ELIMU KWA WAKAZI

Gari lililobanduka rangi kidogo halionekani kuwa na shida. Injini inawaka, breki zinashika, na mwenye gari anasema atalishughulikia siku nyingine. Mahali penye ukame, siku hiyo nyingine huenda ikangoja. Hapa kwetu haingoji.

Kericho hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na ndiyo sababu chai inastawi. Aidha, Kericho na majirani wetu wa Nandi Hills wametajwa kwa miaka mingi miongoni mwa maeneo ya dunia yanayopata mvua ya mawe kwa siku nyingi zaidi. Ongeza changarawe inayorushwa na magurudumu kwenye barabara za vijijini, matawi ya michai yanayokwaruza milango kwenye njia nyembamba, na mizigo inayopakiwa na kupakuliwa kila siku sokoni Kiptere, Sigowet na Kapsoit. Ni vigumu gari kumaliza mwaka bila alama.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye gari, pikapu, matatu au pikipiki anavyoweza kuziba alama hizo mwenyewe, kwa vifaa vichache vinavyopatikana katika maduka ya hadiwea na ya rangi za magari. Pia yanaeleza ni wapi pa kuacha na kumwita fundi. Lengo la kwanza si urembo. Lengo ni kuufunga mlango ambao kutu huingilia.

KWA NINI ALAMA NDOGO NI JAMBO KUBWA

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Tabaka zote zikiwekwa pamoja, unene wake hukaribia ule wa karatasi moja ya kuandikia. Kutoka chini kwenda juu ziko hivi: bati lenyewe, kinga nyembamba inayowekwa kiwandani, praima, rangi unayoiona, na mwisho vanishi ngumu inayong'aa ambayo mafundi huiita klia.

Jiwe likipasua tabaka hizo zote, bati hubaki wazi. Chuma kikikutana na maji na hewa, kutu huanza. Tatizo ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Huvimba, huinua rangi ya pembeni, na maji hupata njia ya kupenya zaidi chini ya rangi ambayo bado inaonekana nzima. Ndiyo maana kidoa kinachotoshana na punje ya mtama kinaweza, baada ya misimu kadhaa ya mvua, kuwa uvimbe wa ukubwa wa sarafu, na baadaye tundu.

Wakulima wenye pikapu wana sababu moja zaidi ya kuwa makini. Mbolea ya chumvichumvi inayomwagika kwenye bodi huvuta unyevu hewani na kuharakisha kutu. Maziwa yaliyomwagika yakachacha nayo huwa asidi. Bodi ikiwa na mikwaruzo, mbolea na maziwa hufika moja kwa moja kwenye bati. Baada ya kubeba vitu hivyo, mwagia maji mengi siku hiyo hiyo, pamoja na pembe na mikunjo ya bodi.

Hasara yake ni ya fedha. Gari lenye kutu hushuka bei sokoni. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, na kutu iliyofika kwenye sehemu zinazobeba uzito wa gari inaweza kulifanya likataliwe. Kwa kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo, au familia inayotegemea pikapu moja kufikisha mazao sokoni, siku za kulaza chombo gereji ni siku zisizo na kipato.

PIMA KINA KWA UKUCHA

Kabla ya kununua chochote, osha gari, likauke, kisha pitisha ukucha polepole kukatiza alama. Utapata moja ya majibu matatu.

Ukucha haukwami. Alama iko kwenye klia tu. Hakuna hatari ya kutu. Kazi hapa ni kusugua na kung'arisha.

Ukucha unakwama kidogo, na unaona rangi nyingine, mara nyingi kijivu au nyeupe iliyofifia. Alama imefika kwenye praima. Inahitaji rangi na klia.

Ukucha unakwama, na unaona chuma kinachong'aa au wekundu wa kutu. Alama imefika kwenye bati. Hii haifai kungoja wiki ijayo.

Kumbuka kwamba bampa za magari mengi ni plastiki, na plastiki haishiki kutu. Mkwaruzo wa bampa ni suala la sura tu, hivyo usitumie fedha huko kabla ya kuziba mlango au boneti.

JUA NAMBA YA RANGI YAKO

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kununua "nyeupe" bila kujua ni nyeupe ipi. Kila gari lina namba ya rangi. Katika Toyota nyingi zilizotengenezwa Japani, tafuta kibati kilicho ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Karibu na herufi C/TR utaona namba ya rangi. Kwa mfano, 040 na 058 zote ni nyeupe, lakini hazifanani, na 1F7 ni rangi ya fedha. Katika magari mengine namba huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Piga picha ya kibati hicho kwa simu, uende nayo kwenye duka linalochanganya rangi za magari. Gari lililopigwa na jua miaka mingi huwa limefifia, kwa hiyo jaribu tone moja mahali pasipoonekana, kama vile ukingo wa ndani wa mlango, uache likauke ndipo ulinganishe. Rangi mbichi na rangi kavu hazifanani.

Magari mengi ya kazi yenye rangi nyeupe hayana klia kabisa. Kujua, weka kompaundi kidogo kwenye kitambaa safi cha rangi tofauti na gari, kisha sugua mahali padogo. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, basi halina klia, na hutahitaji kuipaka.

VIFAA VYA KUANDAA

Sabuni ya maji, ndoo mbili na vitambaa laini. Spiriti isiyo na mafuta. Msasa wa maji namba 600, 1500 na 2000. Dawa ya kutu. Praima ya chuma, kopo dogo. Rangi yenye namba ya gari lako. Klia. Brashi ndogo kabisa ya kuchorea, au njiti za kiberiti zisizo na baruti. Tepu ya karatasi. Kompaundi na polishi. Glavu na miwani ya kukinga macho.

Vingi kati ya hivi hutumika mara nyingi. Majirani watatu au wanne, au waendeshaji boda boda wa steji moja, wakichanga, kila mmoja hulipa kidogo na hakuna kopo linalokauka kabla halijaisha.

CHAGUA SIKU NA SAA

Hewa yenye unyevu huharibu rangi mbichi. Klia iliyopakwa wakati wa ukungu au mvua inapokaribia huweza kugeuka nyeupe kama maji ya maziwa. Katika maeneo yetu mvua nyingi hunyesha alasiri, pale upepo kutoka Ziwa Victoria unapopanda milima na kukutana na hewa ya nyanda za juu. Basi fanya kazi asubuhi, umande ukishakauka, na umalize kupaka kabla ya saa sita au saa saba mchana. Januari na Februari, mvua inapopungua, ni wakati mzuri wa kushughulikia alama zilizokusanyika mwaka mzima.

Fanya kazi kivulini, nje au chini ya paa lililo wazi pembeni. Bati lililochomwa na jua hukausha rangi haraka mno, nayo haishiki vizuri.

ALAMA ZILIZO KWENYE KLIA

Osha sehemu hiyo vizuri. Vumbi la murramu likibaki, utalisugulia ndani ya rangi na kuongeza mikwaruzo. Weka kompaundi kidogo kwenye kitambaa laini chenye unyevu, sugua kwa mkono, bila kukandamiza, kwa dakika moja au mbili. Futa, tazama, rudia ikihitajika. Maliza kwa polishi.

Usirudie bila kikomo. Kila unaposugua unapunguza klia, na klia ikiisha haioti tena. Alama ikibaki baada ya raundi tatu, iache. Watu wengi hutumia dawa ya meno. Ina chembechembe za kusugua, hivyo inaweza kupunguza alama hafifu sana, lakini haizibi chochote. Kuipaka kwenye alama iliyofika kwenye bati ni kupoteza muda huku kutu ikiendelea.

ALAMA ZILIZOFIKA KWENYE PRAIMA AU BATI

Hatua ya 1: Osha na ukaushe. Tumia sabuni na maji mengi, kisha acha sehemu ikauke kabisa.

Hatua ya 2: Ondoa mafuta. Futa kwa spiriti na kitambaa safi. Usitumie petroli wala dizeli. Huacha mafuta, na petroli huwaka kwa urahisi.

Hatua ya 3: Ondoa kutu yote. Zungushia kipande kidogo cha msasa namba 600 kwenye ncha ya penseli, usugue ndani ya alama tu hadi uone chuma cheupe. Rangi ya pembeni iliyoinuka ibandue. Ukiiacha, kutu iko chini yake. Ukingo wa alama uwe mteremko laini, usiwe ukuta.

Hatua ya 4: Paka dawa ya kutu ikiwa kuna vitundu vyeusi visivyofikiwa na msasa. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa.

Hatua ya 5: Paka praima siku hiyo hiyo. Hii ndiyo hatua ya maana kuliko zote. Chuma kilichosuguliwa kikilala wazi usiku mmoja wenye umande, kinaanza kushika kutu upya na kazi yako inarudi mwanzo. Chovya ncha ya brashi au njiti, weka tone jembamba, liache lijisambaze lenyewe. Ikiwa alama imefika kwenye praima tu, na praima hiyo ni nzima, ruka hatua hii.

Hatua ya 6: Paka rangi kwa awamu. Tikisa kopo vizuri kwanza. Weka tone jembamba, subiri lishike kwa takriban nusu saa au kama kopo linavyoelekeza, kisha weka la pili na la tatu. Tone moja nene hukauka juu na kubaki bichi chini, kisha hupasuka. Acha rangi ikaribie usawa wa pembeni, kwani klia itaongeza kidogo.

Hatua ya 7: Paka klia, kama gari lako lina klia. Iinuke kidogo tu juu ya usawa.

Hatua ya 8: Subiri. Acha angalau wiki moja, na zaidi kama hali ya hewa ni ya baridi na mvua. Gari linaweza kutumika, lakini usilioshe kwa mashine ya maji yenye nguvu.

Hatua ya 9: Sawazisha. Lowesha msasa namba 1500 kwa maji yenye sabuni, sugua pale palipoinuka tu, kisha namba 2000. Maliza kwa kompaundi na polishi. Ikiwa sura haikusumbui, unaweza kuacha hatua hii. Bati tayari limezibwa.

Kwa mkwaruzo mrefu unaohitaji kopo la kupuliza, zungushia tepu na karatasi sehemu yote ya jirani, tikisa kopo dakika mbili, shika umbali wa takriban sentimita 20 hadi 25, na pitisha mkono bila kusimama. Upepo ukivuma, ahirisha.

UKIWA HUNA VIFAA LEO

Jiwe limepasua rangi leo, na fedha ya praima itapatikana mwisho wa mwezi. Kausha alama, paka grisi au vaselini kidogo, na urudie baada ya mvua. Wengine hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi, nayo husaidia kwa muda. Siku ya kazi yenyewe, ondoa vyote kwa spiriti na msasa, kwa sababu praima haishiki juu ya mafuta.

KWA WAENDESHAJI BODA BODA

Alama nyingi za pikipiki hutokea kwenye tangi, madigadi na pale mizigo inapofungwa kwa kamba. Hatua ni zile zile, lakini tangi lina sharti lake. Rangi ya kawaida ya kopo huyeyuka ikimwagikiwa na petroli. Sehemu iliyo karibu na mfuniko inahitaji rangi inayochanganywa na hadina, na hiyo ni kazi ya fundi wa kupuliza rangi. Usisugue kwa mashine wala kuchomelea karibu na tangi. Hata tangi tupu lina mvuke unaoweza kulipuka.

ACHA HAPA, MWITE FUNDI

Kuziba alama nyumbani kuna mpaka wake. Peleka gari kwa fundi wa bodi ukikuta mojawapo ya haya:

Rangi imevimba kama malengelenge, na ukibonyeza kwa kidole inatoa sauti ya kupasuka. Kutu imetoka ndani kuja nje.

Kutu iko kwenye chasisi, chini ya milango, au pale mikanda ya usalama inapofungwa. Sehemu hizi hulinda maisha ya abiria. Kuzijaza fila na kupaka rangi juu ni kuificha hatari, na atakayenunua gari hilo kesho ndiye atakayeumia.

Bati limebonyea, au alama ni kubwa kuliko kiganja.

Fundi mwadilifu atakata kutu na kuchomelea bati jipya. Mwambie akuonyeshe sehemu hiyo kabla ya kuijaza fila, na upige picha.

KINGA AFYA NA MITO YETU

Mvuke wa thina na rangi huumiza kichwa na mapafu. Barakoa ya kitambaa hupunguza vumbi, haizuii mvuke. Kaa penye hewa, usivute sigara, na usipake rangi karibu na jiko. Rangi zinazochanganywa na hadina zina kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu zikipulizwa bila kifaa maalumu cha kupumulia. Usizipulize nyumbani. Sugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, hasa kwenye gari kuukuu, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi, madini ambayo huwadhuru sana watoto.

Kamwe usihifadhi thina au spiriti kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto haulizi kilichomo. Mtu akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na kopo lenye lebo.

Usimwage mabaki mtaroni. Mito ya Kipsonoi na Yurith huungana kuwa Sondu, unaoelekea Ziwa Victoria, na njiani watu huchota na mifugo hunywa. Acha mabaki ya rangi yakauke ndani ya kopo, mahali pasipofikiwa na watoto, kisha yatupe pamoja na taka ngumu.

SHERIA ISISAHAULIKE

Ikiwa alama imetokana na ajali, usiguse rangi kwanza. Ripoti polisi na kampuni yako ya bima, piga picha, na usubiri ukaguzi. Ukirekebisha mapema unaweza kupoteza ushahidi na haki ya kulipwa.

Kuziba alama kwa rangi ile ile hakuhitaji kibali. Lakini ukibadilisha rangi ya gari zima, ni lazima NTSA ifahamishwe ili logibuku irekebishwe, kwa sababu rangi ni miongoni mwa mambo yanayolitambulisha gari lako. Kwa wenye matatu, mstari wa manjano uliowekwa na kanuni za mwaka 2003, zinazojulikana kama sheria za Michuki, lazima ubaki umekamilika. Ukirekebisha chini yake, urudishe ulivyokuwa.

RATIBA RAHISI

Mara moja kwa mwezi, baada ya kuosha gari, lizunguke polepole. Tazama ncha ya mbele ya boneti, kingo za juu ya magurudumu, sehemu ya chini ya milango, na pembe za bodi ya pikapu. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti, kwani tope likiviziba mlango huoza kutoka ndani. Weka alama ya chaki kila palipobanduka, kisha panga kazi ya asubuhi moja isiyo na mvua.

Ukikumbuka mambo matatu tu katika makala haya, yawe haya: pima kwa ukucha, sugua hadi chuma cheupe, na usiache chuma kilichosuguliwa kilale bila praima.